Naitreti 50 na mwani wa nywele kila jiwe: nitoe bayoboli kwenye sampu, au shida iko kwingine?

Kangaja77

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wa akwariamu ya maji chumvi, niko Mombasa. Ina mwaka na miezi miwili. Maji halisi, ukiondoa mawe na mchanga, ni lita 300, tangi na sampu (tangi la chini la vichujio) pamoja.

Mpangilio: maji yanashuka kutoka tangini, yanapita kwenye soksi ya mikroni 200, yanamwagikia bayoboli, zile boli za plastiki za kukalia bakteria (kama lita 12 hivi), yanapita sponji nene, yanaingia chumba cha skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu), halafu pampu ya kurudisha. Mawe kilo 28. Samaki saba: kangaja mmoja, klaunifishi wawili, wengine wadogo. Matumbawe laini tu. Chakula ni punje kavu gramu 1 kwa siku, na mchemraba mmoja wa kamba waliogandishwa kila baada ya siku moja. Nabadilisha lita 60 kila wiki mbili. Joto 28.

Vipimo vya jana: amonia 0, naitraiti 0, naitreti 50 mg/L, fosfeti 0.13 (Hanna, kipima changu cha kielektroniki, ilisoma 130). KH (ugumu wa kabonati) 8. Mwani wa nywele umefunika mawe ya juu yote.

Nimesoma kwamba bayoboli ni kiwanda cha naitreti. Nikizitoa zote Jumamosi hii itashuka? Na mahali pake niweke nini: mwani wa kunyonya naitreti, riakta ya fosfeti (kopo la punje zinazonasa fosfeti), au ninunue skima kubwa zaidi?

---

FundiSampu

Bayoboli zinasingiziwa, mkuu. Haziwezi kuunda naitrojeni ambayo hukuiingiza mwenyewe kwa chakula. Amonia ingegeuka naitraiti kisha naitreti hata usingekuwa na boli hata moja, kwa sababu bakteria wale wale wangekaa kwenye mawe, mchangani na ndani ya mabomba.

Tofauti ni mahali kazi inapofanyika. Boli ya plastiki imezungukwa na hewa pande zote, kwa hiyo kazi inaishia kwenye naitreti, na naitreti hiyo inabebwa moja kwa moja hadi tangini. Kwenye jiwe lenye matundu ni tofauti. Bakteria wa juu wanaimaliza oksijeni, na ukiingia ndani kidogo tu hakuna tena. Naitreti iliyotengenezwa pale pale juu inapenya ndani na kukuta bakteria wanaoivunja kuwa gesi ya naitrojeni, ambayo inaishia hewani. Ukiwa na bayoboli nyingi unalinyang'anya jiwe hatua ya kwanza, na ya pili inapungua nayo.

Ila kinachokuumiza zaidi, nahisi, ni takataka zilizokwama humo. Wakati wa kubadilisha maji, chukua ndoo ya lita 5 za maji unayoyatoa, tumbukiza boli ishirini, tikisa. Maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa, hicho ni kinyesi na chakula kilichokaa miezi kikioza mbele ya mkondo wa maji.

Kila kifaa cha kuchuja kiulize: hiki kinatoa kitu nje ya maji, au kinakibadilisha sura tu?

Soksi haijatoa kitu mpaka mkono wako uivue. Ilichonasa bado kinalowana na kuyeyuka. Baada ya siku tatu nne kile kinyesi kimeshakuwa amonia na fosfeti, soksi imebaki na nyuzinyuzi. Sponji vivyo hivyo, na mbaya zaidi kwa kuwa iko baada ya bayoboli na watu huisahau. Ukiivua soksi, igeuze ndani nje, ipige na maji ya presha, iloweke usiku kucha kwenye jiki sehemu moja kwa maji kumi, suuza mara tatu, anika juani hadi harufu ya klorini iishe. Sabuni ya unga usiitumie kabisa, skima itatoa povu siku mbili.

Skima ndiyo pekee kati ya ulivyo navyo inayoutoa uchafu kabla haujaoza. Protini na mafuta hushika kwenye ngozi ya kiputo na kupanda nacho. Lakini naitreti na fosfeti zilizokwisha kuyeyuka haziguswi na skima, hata ununue ya bei gani. Na usiitarajie miujiza: vipimo alivyovichapisha Ken Feldman wa Penn State mwaka 2009 vilionyesha skima zinaondoa karibu theluthi tu ya kaboni ya ogania iliyomo majini. Kwa hiyo skima kubwa zaidi si jibu la naitreti 50.

Bayoboli zitoe, ndiyo, lakini robo kila wiki, siyo zote Jumamosi. Pima amonia siku ya pili na ya nne kila baada ya kutoa. Kilo 28 za mawe zinatosha kuubeba mzigo wa samaki saba, ila bakteria wa mawe wanahitaji siku kadhaa kuongezeka. Sponji itoe kabisa.

---

Bi_Matumbawe

Kabla hujatoa chochote, ndugu yangu: hiyo Hanna ni modeli gani? Kama ni HI736, inasoma fosforasi kwa mikrogramu kwa lita, haisomi fosfeti. Unazidisha kwa 3.066. 130 × 3.066 ni kama 399, yaani fosfeti 0.40 mg/L. Ukijiona uko 0.13 utasema hali si mbaya, kumbe uko mara tatu yake. Kosa hili liko kila mahali. Kwenye naitreti pia lipo: kipimo kikisoma naitrojeni ya naitreti, unazidisha kwa 4.43.

Halafu tupige hesabu ya chakula, maana kila kitu kinaingilia mdomoni mwa samaki. Punje kavu yenye protini asilimia 45 ina naitrojeni kama miligramu 72 kwa kila gramu (protini ni naitrojeni asilimia 16). Ikigeuka yote kuwa naitreti ni miligramu 319. Gawanya kwa lita 300: kama 1.06 mg/L kwa siku, karibu 15 kwa wiki mbili. Hapo sijahesabu kamba.

Sasa unabadilisha asilimia 20 kila wiki mbili. Tuseme hakuna njia nyingine ya kutokea: naitreti itapanda hadi ile asilimia 20 unayoitoa iwe sawa na 15 inayoingia, na hapo ni 75 kabla ya kubadilisha. Wewe uko 50, maana yake mawe na skima vinakusaidia kidogo. Ukibadilisha lita 60 hizo hizo kila wiki badala ya wiki mbili, kiwango hicho cha juu kinashuka kutoka 75 hadi kama 37, bila kununua kitu.

Fosfeti: chakula kikiwa na fosforasi asilimia 1, gramu moja inaleta miligramu 10 za fosforasi, ambazo ni 30 za fosfeti, au 0.1 mg/L kwa siku. Kwa mwaka na miezi miwili ungekuwa na namba za kutisha. Imekwenda wapi? Nyingine imeliwa na mwani wako, na nyingi imejibandika kwenye mawe. Chokaa ya mawe inaishika fosfeti vizuri sana, na itairudisha siku ukianza kuitoa majini. Litunze hilo kichwani.

Nijibu matatu: modeli ya Hanna, maji ya kujazia pale yanapokauka unayatoa wapi, na chumvi unachanganya au unachota baharini?

---

Kangaja77

Shukrani sana. Ni HI736, kwa hiyo ni 0.40 kweli. Nimeshtuka.

Maji ya kujazia ni ya kisima, yanapita chujio la nyuzi na mkaa tu. Yanakauka kama lita 4 kwa siku. Nimeyapima sasa hivi: naitreti 25! Ya kubadilishia nachanganya chumvi kwa maji ya RO (yaliyochujwa kwa utando maalumu) ya kununua. Soksi nabadilisha kila wiki tatu hivi. Kikombe cha skima kwa wiki kinapata kama vijiko viwili vya tope jeusi kavu.

---

Mkondo_Mkali

Hapo kwenye kisima ndipo penye mwizi. Maji yanapokauka, naitreti haikauki nayo. Lita 4 zenye 25 mg/L ni miligramu 100 kila siku, yaani 0.33 mg/L, kama 4.7 kwa wiki mbili. Ukilinganisha na zile 15 za chakula, karibu robo ya naitreti unayoingiza inatoka kwenye ndoo ya kujazia. Hakuna chujio la sampu litakaloshindana na hilo. Mkaa hauondoi naitreti. Nyuzi ndio kabisa. Visima vya mijini pwani viko karibu na vyoo vya shimo, usitegemee vibadilike.

Jazia kwa RO hiyo hiyo unayonunua, na uipime kwa kipima TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) kila mtungi. Ikipita 10, muuzaji hajabadilisha utando. Ukifunga RO yako mwenyewe, ongeza hatua ya resini (punje zinazonasa kilichobaki) ili isome 0, na resini ibadilishwe mara tu namba inapoanza kusogea. Resini iliyochoka huachia silika mapema, na hiyo ndiyo inayoleta vumbi la kahawia kwenye kioo.

Pia kama siku moja utafikiria maji ya baharini: chota maji yakijaa, nje ya mwamba, siyo ndani ya hori kama Tudor ambako majitaka ya mji yanaingia, na siyo wakati wa masika. Pima naitreti na chumvi kwenye ndoo kabla hayajagusa tangi.

Sasa skima. Vijiko viwili vya tope kavu kwa wiki kwa samaki saba ni skima inayolala. Fungua kikombe uangalie shingo kwa ndani. Ukipitisha kidole ukakuta utelezi wa mafuta wenye rangi ya kahawia, povu linapanda hadi pale, linagusa mafuta, linapasuka, linarudi chini. Futa shingo kwa kitambaa kila siku ya pili au ya tatu, maji matupu bila sabuni.

Kisha sikiliza bomba la hewa. Linatakiwa kuvuta kwa mluzi laini. Likiwa kimya, au likikoroma, tundu la kuingizia hewa limezibwa na chumvi. Chovya ncha ya bomba kwenye kikombe cha maji baridi yasiyo chumvi huku pampu inafanya kazi, acha ivute nusu kikombe, rudia mara mbili. Fanya hivyo kila mwezi. Kila miezi mitatu toa pampu, uiloweke saa mbili kwenye siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, uswaki propela yake na tundu lake.

Angalia na kina cha maji kwenye chumba cha skima. Kila skima ina kina chake, kimeandikwa kwenye maelezo yake. Mara nyingi ni kati ya sentimita 18 na 23. Chumba kikiwa na kina kinachopanda na kushuka kwa sababu ya kukauka, leo skima itafurika na kesho itakauka. Weka kizuizi cha kioo au akrilki ili kina kisibadilike, kukauka kuonekane kwenye chumba cha pampu ya kurudisha tu. Halafu rekebisha mpaka mstari wa povu usimame chini kidogo ya mwanzo wa shingo, na kikombe kipate majimaji ya rangi ya chai ya rangi. Tope jeusi linapendeza macho lakini ni kidogo mno. Kwa sasa, ukiwa na 50 na 0.40, nenda upande wa majimaji.

---

SikiNyeupe

Yote sawa, ila naitreti 50 hamtaishusha kwa usafi peke yake haraka. Dawa ni kaboni: bakteria wapewe chakula chao, waongezeke, wameze naitreti na fosfeti, skima iwatoe. Hakuna haja ya vodka inayozungumzwa kila mahali. Siki nyeupe ya asilimia 5, isiyotiwa rangi wala ladha, inafanya kazi ile ile. Mililita 8 za siki ni sawa na 1 ya vodka ya asilimia 40.

Kwa lita 300: siku ya 1 hadi 3, mililita 2.4 kwa siku. Siku ya 4 hadi 7, mililita 4.8. Baada ya hapo ongeza mililita 4 kwenye kipimo cha siku, mara moja kwa wiki. Pima naitreti kila wiki. Siku inapoanza kushuka, acha kuongeza. Ikifika 10, punguza kipimo kwa nusu na ubaki hapo. Mimina asubuhi, polepole, mahali penye mkondo, karibu na skima.

Ukiona maji yana ukungu mweupe au utando mweupe kama kamasi kwenye mabomba, umezidisha: simama siku mbili, anza tena kwa nusu.

---

FundiSampu

SikiNyeupe, kipimo chako ni sahihi lakini wakati wake bado, na nitasema kwa nini.

Siki inategemea skima. Skima yenyewe leo inatoa vijiko viwili kwa wiki. Bakteria wataongezeka, hakuna wa kuwatoa, watakufa humo humo na kurudisha kila walichokula. Halafu oksijeni: maji chumvi ya nyuzi 28 yanashika miligramu 6 na kidogo tu kwa lita yakiwa yamejaa kabisa, na bakteria wa siki wanaitaka hiyo hiyo ya samaki. Stima ikikatika saa nane usiku masaa matatu, pampu zimelala, kangaja ndiye wa kwanza kuhema juu. Asiyekuwa na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe asiguse siki. Hilo halina mjadala.

Kuna na hesabu. Bakteria wanachukua naitrojeni na fosforasi kwa uwiano unaokaribia ule wa Redfield (wa kawaida kwa viumbe vidogo vya baharini), 16 kwa 1 kwa idadi ya atomu. Tangi la Kangaja lina 50 kwa 0.40, ambayo kwa atomu ni karibu 190 kwa 1. Fosfeti yote ya majini ikiliwa, naitreti itakayoondoka nayo ni kama 4 tu. Nyingine itategemea fosfeti inayotoka kwenye mawe, na ile inayovunjwa kuwa gesi sehemu zisizo na oksijeni. Ndiyo sababu mtu akishusha fosfeti hadi 0 kwa riakta halafu akaanza siki, naitreti inagoma pale pale, anaongeza siki, maji yanakuwa maziwa.

Mpangilio wangu: RO ya kujazia leo. Soksi kila siku ya tatu. Skima irekebishwe wiki hii. Bayoboli robo robo. Lita 60 kila wiki kwa wiki sita. Baada ya hapo ndipo tuzungumze siki.

---

SikiNyeupe

Nakubali kuhusu skima na stima. Siki isubiri.

---

Kangaja77

Nimewaelewa. Skima nimeiosha: shingo ilikuwa na utelezi kweli, na bomba la hewa lilikuwa kimya kabisa. Sasa linavuta. Chumba cha bayoboli kikibaki wazi naweza kuweka mwani? Na riakta ya fosfeti niiache?

---

Bi_Matumbawe

Mwani, ndiyo, kikiwa wazi kabisa baada ya wiki nne. Tafuta keto, ule mgumu unaojikunja kama stilwaya ya kusugulia sufuria. Kaulepa usiiweke hata ukipewa bure. Usiku mmoja inaweza kupasuka yote kwa kutoa mbegu na kumwaga kila ilichokula. Spinosamu na kotonii wa mashamba ya Unguja wanakula naitreti pia, lakini wanataka jua kali na mkondo mkali, wakidhoofika wanakatika vipande vinavyoingia kwenye pampu.

Taa ya mwani iwake kwa muda wa saa 12, usiku kucha, wakati ya tangini imezimwa. Hivyo pH haitashuka sana alfajiri. Mwani uzunguke polepole, usikae kama mto, la sivyo katikati utaoza. Kumbuka maneno ya FundiSampu: mwani nao haujatoa kitu mpaka uuvune. Gramu 100 za mwani mbichi uliokamuliwa, ukikadiria sehemu moja ya kumi ni kavu na humo naitrojeni ni asilimia 3, zinatoa karibu 4 mg/L ya naitreti kwenye lita zako 300. Ukivuna hizo kila wiki, ni zaidi ya nusu ya zile 7.5 zinazoingia kwa chakula kavu. Vuna theluthi, acha mbili. Sehemu ya mavuno mpe kangaja, lakini ujue uliyompa inarudi tangini kama kinyesi, usiihesabu.

Riakta ya fosfeti, yaani punje za oksidi ya chuma: usiiwashe mwezi huu. Ukianza, gramu 50 zinatosha. Zisuuze kwa RO hadi vumbi la kahawia liishe. Mkondo uwe mdogo, punje za juu tu zicheze; zikichemka zinasagana na unga unaingia tangini. Pima fosfeti kwenye maji yanayotoka riaktani na ya tangini siku moja. Yakilingana, punje zimejaa, badilisha. Mara ya kwanza zitajaa kwa siku chache na utadhani umeuziwa bandia. Hapana, ni mawe yanayorudisha akiba yao ya mwaka mzima. Itakuwa hivyo mara tatu nne.

Lenga naitreti 5 hadi 10 na fosfeti 0.05 hadi 0.1, usishuke zaidi. Mwani wa nywele utachelewa kufa hata namba zikiwa nzuri, kwa kuwa unakula fosfeti inayotoka kwenye jiwe ulikoshika mizizi yake. Ung'oe kwa mkono kila unapobadilisha maji, huku mrija wa kutolea maji uko pembeni ya vidole ili vipande visisambae. Ukiona namba zote mbili zimegonga 0 na mchanga umeanza kupata utando wa kahawia wenye viputo, unaopungua usiku na kurudi mchana, hizo ni dinoflajelati, vijiumbe vidogo sana vya majini. Hapo zima riakta, punguza saa za taa ya mwani ziwe nne, ongeza chakula, na usibadilishe maji mpaka fosfeti isomeke tena.

---

Kangaja77

Sawa dada. Nimeshaagiza mitungi miwili ya RO, na robo ya kwanza ya bayoboli iko kwenye ndoo. Maji yake hayakuwa chai ya maziwa, yalikuwa kahawa. Nitapima amonia Jumatatu na Jumatano niandike hapa.